Urithi Usioonekana: Watu wa Kale na Maradhi ya Virusi katika Uwanda wa Kati

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kwa desturi methali hiyo humkanya mtu aliyetupa mila za kwao, akaionea haya lugha ya mama yake au akalisahau kaburi la babu yake. Lakini iko asili moja ambayo mwanadamu hawezi kuiacha hata akitaka, nayo ni ile aliyozaliwa nayo mwilini. Humlinda siku moja na kumdhoofisha siku nyingine, na mwenyewe hana habari. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa vinasaba wamejifunza kuisoma asili hiyo, na miongoni mwa waliyoyakuta ni kwamba namna mwili wa mtu wa leo unavyopambana na virusi hutegemea, kwa sehemu, watu waliozikwa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Habari hii imesimuliwa zaidi kwa mifano ya Ulaya. Inafaa isimuliwe pia kutokea uwanda wa kati wa Tanzania, kwani huko inapata sura ambayo Ulaya haiwezi kuionyesha, na huko pia kuielewa vibaya kunaweza kugharimu roho za watu.

Kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye kingo za Bonde la Ufa, miamba ya Kolo na Kisese katika nchi ya Kondoa imepambwa kwa michoro ya rangi nyekundu: watu wembamba, twiga, pofu na tembo. Mary Leakey alinakili mingi kati ya michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia. Chini ya mwamba mmoja, unaojulikana kwa wachimbaji kama Kisese II, Raymond Inskeep alifukua mwaka 1956 akakuta shanga zilizochongwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba shanga za chini kabisa zina umri unaozidi miaka 40,000. Watu walikaa hapo, wakavaa mapambo, wakauguza wagonjwa wao na kuzika wafu wao, zama ambazo binadamu wa aina nyingine, Waneandertali, walikuwa bado wanaishi Ulaya.

Mifupa ya baadhi ya wafu hao imeanza kusema. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilitangaza kwamba limefaulu kusoma vinasaba vya wawindaji wa kale wa Tanzania, Malawi na Zambia, wakiwamo waliozikwa Kisese. Ilidhihirika kuwa walichanganya asili tatu, za mashariki, kusini na katikati ya Afrika, ishara ya kwamba mababu zao walisafiri na kuoana kwa masafa marefu kabla ya kutulia. Visiwa navyo havikuachwa nyuma. Utafiti uliotangulia, wa mwaka 2017, ulisoma mifupa ya wawindaji waliozikwa katika pango la Kuumbi kisiwani Unguja na la Makangale kisiwani Pemba, yapata miaka 1,400 iliyopita. Utafiti huo huo ulimsoma mtoto mchanga aliyezikwa Luxmanda, kaskazini ya Kondoa, miaka kama 3,100 iliyopita. Mtoto huyo alikuwa wa jamii ya wafugaji, na zaidi ya theluthi ya asili yake ilihusiana na wakulima wa kale wa nchi za Sham. Baadaye wakaja wakulima wasemao lugha za Kibantu, ambao uzao wao umo leo katika Wagogo na Warangi. Na miongoni mwao wote wamebakia Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haina ndugu wa karibu miongoni mwa lugha za majirani zao. Kwa hiyo, anayesimama gulioni Kondoa anazungukwa na matabaka ya historia ambayo kwingineko hutafutwa kwa jembe na sururu.

Sasa na ielezwe habari yenyewe ya virusi. Mwaka 2020, wakati maradhi ya UVIKO-19 yalipokuwa yakitapakaa duniani, wataalamu wawili, Hugo Zeberg na Svante Pääbo, walichunguza kipande kimoja cha kromosomu ya tatu ambacho wenye nacho walikuwa wakizidiwa na ugonjwa kuliko wengine. Kipande hicho kina urefu wa herufi zipatazo 50,000 za vinasaba. Walipokilinganisha na vinasaba vilivyotolewa katika mfupa wa Mneandertali wa pango la Vindija, nchini Kroatia, walikuta vinafanana. Maana yake ni kwamba watu waliotoka Afrika walioana na Waneandertali kiasi cha miaka 50,000 iliyopita, na uzao wao umekibeba kipande hicho hata leo. Karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini wanacho, na Wazungu kama 16 katika kila 100. Katika Afrika ni adimu mno.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba urithi huu haukuwa wa shari tupu. Mwaka 2022 Zeberg alionyesha kwamba wenye kipande hicho hicho wana hatari ndogo zaidi, kwa asilimia kama 27, ya kuambukizwa VVU, kwa sababu seli zao hutengeneza kwa uchache kile kipokezi ambacho VVU hukitumia kama mlango. Kitu kimoja, basi, kimekuwa sumu kwa virusi hivi na dawa kwa virusi vile. Jambo la namna hii lilijulikana Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1954, pale Anthony Allison alipoonyesha kwamba jeni ya selimundu humkinga mtoto na malaria akiirithi kwa mzazi mmoja, lakini humtia maradhini akiirithi kwa wote wawili. Urithi wa mwili hauna wema wala ubaya wa kudumu. Thamani yake huamuliwa na adui aliyepo mlangoni.

Kutokana na habari ya kipande cha Vindija wapo waliofanya haraka kukata shauri. Walisema kwamba kwa kuwa Mwafrika hana damu ya Mneandertali, basi hana fungu katika kisa hiki, na pengine maradhi yenyewe hayamhusu. Kauli zote mbili ni kosa. Kwanza, damu hiyo ipo kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba Waafrika nao wana kiasi cha asilimia 0.3 ya asili ya Kineandertali, na kwamba sehemu kubwa ya hiyo iliingia na watu waliorudi Afrika kutoka Asia na Ulaya katika maelfu ya miaka iliyopita. Wafugaji wa Luxmanda, kwa asili yao ya Sham, ni ushahidi kwamba safari za kurejea namna hiyo zilifika mpaka jirani na Kondoa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na kulisahihisha kunahitaji kuelezea jeni nyingine, iitwayo OAS1, iliyomo katika kromosomu ya 12. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya ambacho ni mlinzi wa ndani ya seli. Virusi vinapoingia na kuanza kujizalisha, mlinzi huyu huzitambua nyuzi za maelekezo yake na kutoa ishara ili zikatwekatwe. Mlinzi mwenyewe yupo kwa sura mbili, ndefu na fupi. Sura ndefu ina ncha inayonata kwenye utando wa mafuta uliomo ndani ya seli, na hapo penye utando ndipo virusi vya korona hujificha vikizaliana. Sura fupi huelea tu na kumkosa mwizi. Mwaka 2021 Zeberg na Pääbo walionyesha kwamba watu waliorithi kipande cha Kineandertali katika sehemu hii ya kromosomu hupungukiwa na hatari ya kuugua sana kwa asilimia kama 22. Lakini kipande hicho ni kirefu, kina mabadiliko mengi yanayoandamana pamoja, na katika miili ya Wazungu haikuwezekana kujua ni lipi kati ya hayo linalofanya kazi.

Jawabu lilipatikana kwa Waafrika. Sura ndefu ya mlinzi huyu ndiyo ya asili, waliyokuwa nayo mababu wa pamoja wa Waneandertali na wa binadamu wa leo. Waliobaki Afrika hawakuipoteza. Waliotoka walikuwa wameikosa kwa kiasi kikubwa, wakaipata tena kwa kuoana na Waneandertali. Kwa Mwafrika herufi hiyo moja husimama peke yake, bila ya msafara wa mabadiliko ya Kineandertali. Hivyo, mwaka 2022 watafiti walipolinganisha wagonjwa zaidi ya 2,700 wenye asili ya Afrika na watu wengine takriban 131,000 wa asili hiyo hiyo, waliona kwamba herufi hiyo peke yake inatoa kinga ile ile. Fumbo lililowashinda kwa vinasaba vya Ulaya lilifumbuliwa kwa vinasaba vya Afrika. Kile ambacho magazeti yalikiita zawadi ya Mneandertali kilikuwa mali ya zamani ya nyumba nzima, ambayo tawi moja liliipoteza njiani likarudishiwa na binamu, na tawi lililobaki nyumbani halikuwahi kuitupa.

Msomaji ana haki ya kuuliza kama Afrika nayo haina binadamu wake wa kale waliotoweka na kuacha alama. Swali hilo liliwahi kuulizwa uwanda wa kati. Mwaka 2012 Joseph Lachance, Sarah Tishkoff na wenzao, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha usomaji kamili wa vinasaba vya watu 15: Wasandawe watano, Wahadza watano wa jirani na Ziwa Eyasi, na watano wa jamii za wawindaji wa misitu ya Kameruni. Kwa watu hao 15 tu walikuta tofauti milioni 13.4 za herufi, na zaidi ya milioni 3 kati ya hizo zilikuwa hazijapata kuandikwa mahali popote. Waliona dalili kwamba baadhi ya jeni zilizochaguliwa na mazingira ni zile za kinga ya mwili, na waliona pia vipande walivyovidhani kuwa vya binadamu wa kale asiyejulikana. Katika joto la Afrika vinasaba huharibika upesi, na hakuna mfupa uliopatikana wa kumthibitisha binadamu huyo. Mwaka 2023 utafiti mwingine ulitoa maelezo tofauti, kwamba mababu wa binadamu barani Afrika walikuwa matawi kadhaa yaliyotengana kidogo na kuendelea kuoana kwa muda mrefu sana, na kwamba mchanganyiko huo unatosha kueleza vipande hivyo bila ya kumwita mgeni. Kwa maelezo yoyote kati ya haya, jambo moja halibadiliki: ndani ya watu watano wa Usandawe mlikuwamo maandishi ambayo maktaba za dunia hazikuwa nayo.

Hapa ndipo elimu inapokutana na kaburi, kwani uwanda wa kati una virusi vyake. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Namna inavyoishi ni ya ajabu. Mbu wa jamii fulani huvirithisha virusi kwa mayai yake, na mayai hayo hukaa katika udongo mkavu wa madimbwi kwa miaka, yakingojea mafuriko. Virusi navyo, basi, vina urithi wao wa mama kwa mtoto, uliofichwa katika ardhi. Mvua zilizopita kiasi za mwishoni mwa mwaka 2006 ziliufukua urithi huo. Kati ya Januari na Juni 2007 watu 511 walishukiwa kuugua katika mikoa 10 ya Tanzania, 186 wakathibitishwa maabara, na katika hao waliothibitishwa 52 walikufa. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi. Ng'ombe, kondoo na mbuzi waliharibu mimba na kufa kwa wingi, na nyama, ambayo kwa Mgogo ni chakula, mahari na heshima, ikawa kitu cha kuogopwa.

Je, kwa nini jirani wawili waliochinja mbuzi mmoja, mmoja aliumwa kichwa siku mbili na mwingine akafa? Sehemu ya jawabu imo katika vinasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa watu wa kaskazini mashariki ya Kenya waliopitiwa na homa hiyo, ulikuta kwamba tofauti ndogo katika jeni za walinzi wa mwanzo wa mwili, zikiwamo TLR3, TLR7 na TLR8, ziliambatana na ukali wa ugonjwa. Hao nao ni walinzi wa kale mno, wenye kuzitambua nyuzi za virusi kama afanyavyo OAS1.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya jawabu imo nje ya vinasaba. Waliougua Tanzania mwaka 2007 walikuwa, zaidi ya wengine, watu walioshika wanyama wagonjwa, damu, nyama na maziwa yao. Katika wagonjwa 20 waliokuwa pia na VVU na ambao mwisho wao ulijulikana, 15 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliothibitishwa au kudhaniwa walikuwa na vimelea vya malaria papo hapo. Jeni ya kinga iliyonusurika kwa miaka laki kadhaa haiwezi kumsaidia sana mtu ambaye mwili wake umekwisha kushambuliwa na maadui wawili na zahanati iko mbali.

Ugogo ulikuwa umejifunza hilo zamani. Mwaka 1916 jeshi la Kijerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa nchi hiyo, na Waingereza waliolifuata wakachukua kilichosalia. Mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliendelea hadi mwaka 1920, na katikati yake ikaingia homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918. Makadirio ni kwamba watu 30,000 walikufa kati ya Wagogo wapatao 150,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Kuyatafuta maelezo ya msiba huo katika damu ya Wagogo kungekuwa kuwasamehe waliozimaliza ghala zao.

Ndiyo maana kauli ya pili, kwamba maradhi fulani hayamhusu Mwafrika kwa asili ya damu yake, inastahili kukataliwa kwa uzito. Mwaka 2020 kauli hiyo ilisikika barazani na sokoni. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo takwimu za Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikuongezwa. Chanjo ilizinduliwa Julai 2021. Katika muda huo wako waliojiaminisha kwamba walikuwa wamekingwa tangu tumboni mwa mama zao. Kinga ya OAS1 ni ya kweli, lakini hupunguza hatari tu. Haiifuti. Mtu mwenye mwavuli bado hulowa akisimama katikati ya mto.

Kuna pia sababu ya kihistoria ya kuwa na hadhari. Wasandawe walianza kuandikwa na wageni kabla ya kuulizwa. Otto Dempwolff, tabibu wa jeshi la Kijerumani, alichapisha kitabu juu ya lugha na desturi zao mwaka 1916. Mwaka 1947 J. C. Trevor alichapisha vipimo vya maumbile yao. Enzi hizo vipimo vya miili vilitumika kupanga makabila kwa daraja, huyu wa juu na huyu wa chini, na kumweka mwindaji ngazi ya mwisho kama mabaki ya zama zilizopita. Elimu ya vinasaba imeivunja ngazi hiyo, kwani imeonyesha kwamba Msandawe ni wa leo kama mtu yeyote, na kwamba hakuna kabila lililobaki bila ya kuchanganyika. Hata hivyo, kuhesabiwa kumekuwa kwa upungufu. Ilipofika mwaka 2019, katika tafiti kubwa zinazounganisha vinasaba na maradhi, watu wa asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78, na wa asili ya Afrika asilimia 2. Dawa na vipimo hutengenezwa kutokana na waliohesabiwa. Herufi ambayo haijasomwa haiwezi kumsaidia mwenyewe, hata iwe imemlinda babu yake.

Mvua kubwa zitarudi tena uwanda wa kati, na mayai ya mbu yamo udongoni yakizingojea. Siku hiyo mchungaji wa Bahi au Kwa Mtoro atakuwa na mlinzi wa kale ndani ya kila seli yake, mrithi wa watu waliopamba shanga za mbuni chini ya miamba ya Kisese. Atakachohitaji juu ya hapo ni mifugo iliyochanjwa kabla ya mafuriko, mchinjaji anayejua asiguse damu kwa mikono mitupu, mganga aliye karibu, na maabara ya nchi yake inayoweza kumweleza, kwa lugha anayoifahamu, ni nini kilichoandikwa mwilini mwake. Hilo la kwanza alirithishwa bila ya kuomba. Hayo mengine ni deni la walio hai.